Andalusia wakati wa baridi: Jinsi ya kupanga safari ya miji mitatu ya kale

Na Mwandishi Wetu

KUANZIA Desemba hadi Februari, wakati kaskazi inavuma katika pwani ya Afrika Mashariki, sehemu kubwa ya Ulaya huwa imegubikwa na baridi kali na giza la mapema. Kusini mwa Hispania, katika jimbo la Andalusia, hali huwa tofauti. Mchana wa Januari mjini Sevilla joto hufikia nyuzi 16 hivi, kiwango ambacho mtu huweza kutembea kutwa nzima bila kuchoka.

Ndiyo maana wenyeji wengi wa Ulaya, wakiwamo Waswahili wanaoishi huko kwa kazi na masomo, huchagua miezi hiyo kuizuru miji ya Cordoba, Sevilla na Granada. Wakati wa kiangazi joto la Sevilla na Cordoba hupita nyuzi 40, na foleni za wageni huwa ndefu.

Hata hivyo, safari hii haihitaji pupa. Aliyekosea tarehe ya tiketi moja tu huweza kuvuka bahari, akafika Granada na kuishia nje ya ukuta wa kasri alilolifuata.

Miji hiyo ni ipi?

Historia ya miji hiyo mitatu imefungamana na utawala wa Waislamu, ulioanza mwaka 711 baada ya jeshi la Tariq ibn Ziyad kuvuka mlango wa bahari kutoka Afrika Kaskazini. Mwaka 756 Abd al-Rahman wa Kwanza alijitangaza amiri mjini Cordoba, na takriban mwaka 785 akaanza kujenga msikiti mkuu ambao nguzo zake zinastaajabisha watu hadi leo.

Cordoba ilitekwa na Mfalme Ferdinand wa Tatu wa Castile mwaka 1236, ikafuatiwa na Sevilla mwaka 1248. Granada ndiyo iliyobaki peke yake hadi Januari 2, 1492, ilipokabidhiwa kwa Malkia Isabella na Mfalme Ferdinand.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya ziada ya kuifahamu miji hii. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331, alifika pia Granada takriban mwaka 1350. Huko alikutana na Ibn Juzayy, mwanachuoni mzaliwa wa mji huo, ambaye baadaye aliziandika simulizi za safari zake, ikiwamo ile ya Kilwa.

Aidha, lugha zenyewe zina undugu. Mhispania husema azúcar, azafrán na aceituna. Mswahili husema sukari, zafarani na zeituni. Maneno hayo yote yametokana na Kiarabu.

Viza kwanza

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen kuingia Hispania. Maombi hupokewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari. Kwa kawaida majibu hutolewa ndani ya siku 15, lakini uchunguzi ukihitajika huweza kuchukua hadi siku 45.

Tangu Juni 2024 ada ya mtu mzima ni euro 90, nayo hairudishwi ombi likikataliwa. Mwombaji hutakiwa pia kuwa na bima ya afya ya safari isiyopungua euro 30,000.

Wengi hukosea hapa. Uingereza haimo katika eneo la Schengen. Hivyo, Mtanzania au Mkenya mwenye kibali cha kuishi London bado anahitaji viza ili aende Sevilla, sawa na ndugu yake anayeishi Muscat. Aliye na kibali halali cha ukaazi cha Ujerumani au Uholanzi haihitaji kwa matembezi mafupi.

Kwa sababu hiyo, ni busara kuanza kwa kuweka nafasi za hoteli zinazoweza kufutwa bila malipo, kuomba viza, kisha kununua tiketi zisizorudishwa baada ya viza kupatikana.

Tiketi ya Alhambra ndiyo mhimili

Baada ya viza, hatua inayofuata si ndege ya ndani wala treni, bali ni tiketi ya Alhambra, kasri la watawala wa nasaba ya Nasri mjini Granada. Idadi ya wageni kwa siku ina kikomo. Tiketi huwa na jina na namba ya pasipoti ya mgeni, pamoja na saa maalumu ya kuingia majumba ya Nasri. Anayechelewa saa hiyo huyakosa majumba hayo, hata kama tiketi yake inamruhusu kutembelea bustani na ngome.

Saa hizo huandikwa kwa mtindo wa Ulaya: 14:30 ni saa 8:30 mchana kwa hesabu ya Kiswahili. Wakati wa baridi saa za Hispania ziko nyuma ya zile za Afrika Mashariki kwa saa mbili.

Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Machi, Alhambra hufungwa saa 12 jioni badala ya saa 2 usiku. Haifunguliwi kabisa Desemba 25 na Januari 1. Vilevile, Januari 6 ni sikukuu ya Wafalme Watatu nchini kote, na Januari 2 Granada huadhimisha kukabidhiwa kwa mji wake. Anayetaka utulivu na bei nafuu aipange safari yake kuanzia wiki ya pili ya Januari.

Mpangilio wa siku saba

Msafiri anayeshukia Madrid huweza kupanda treni ya mwendo kasi hadi Cordoba, safari ya chini ya saa mbili. Usiku mmoja au miwili unatosha. Msikiti wa Cordoba leo ni kanisa kuu la Kikatoliki. Ujenzi wa kanisa katikati yake ulianza mwaka 1523. Waislamu hawaruhusiwi kuswali humo, jambo ambalo mgeni ni vyema alijue mapema. Agosti 8, 2025 moto ulizuka katika sehemu ya jengo hilo, lakini wazimamoto waliudhibiti na sehemu kubwa ikanusurika.

Kutoka Cordoba hadi Sevilla ni dakika 45 hivi kwa treni. Usiku watu au wanne humwezesha mgeni kuona kasri la Alcázar, kanisa kuu lenye kaburi la Christopher Columbus, na mnara wa Giralda. Mnara huo ulikuwa wa msikiti, na ndani yake hupandwa kwa njia ya mteremko badala ya ngazi.

Januari mitaa ya Sevilla huwa imejaa michungwa yenye matunda yaliyoiva. Mgeni asihadaike: hayo ni madanzi, machungu na makali, ambayo hutumika zaidi kutengenezea jemu.

Siku mbili za mwisho ni za Granada, umbali wa saa tatu hivi kwa basi. Mji huo uko zaidi ya mita 680 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Sierra Nevada yenye theluji, na usiku joto huweza kushuka hadi karibu na sifuri. Katika mtaa wa kale wa Albaicín upo msikiti mpya uliofunguliwa mwaka 2003, unaotazamana na Alhambra. Kutoka Granada msafiri huweza kuondokea uwanja wa ndege wa Málaga bila kurudi Madrid.

Mavazi na chakula

Koti zito moja, viatu visivyoteleza na mwavuli ni vya lazima, kwa kuwa mvua za Andalusia hunyesha zaidi kati ya Novemba na Januari. Nyumba nyingi za kale zilijengwa kukinga joto, hivyo ni vizuri kuuliza kama chumba kina kipasha joto kabla ya kulipa.

Chakula cha mchana huliwa kuanzia saa 8, na cha usiku kuanzia saa 3. Nyama ya nguruwe hutumika sana, hata kukolezea mboga na supu. Asiyeila aulize kwanza, au atafute migahawa ya Wamorocco, ambayo ni mingi Granada.

Kwa ufupi, mpangilio ni huu: tarehe, viza, Alhambra, kisha treni na hoteli. Anayeufuata hufika Granada akiwa na tiketi yake mkononi, saa yake ikijulikana.