Upande wa Pili

Redio ya gari la baba yangu ni mwongo, ila ni mwongo mwenye hesabu. Ukiwa Nairobi usikilize Capital FM, ambayo kila mtu anajua iko 98.4, kioo chake kitakuandikia 78.4. "Toa ishirini kila mara," baba aliniambia siku aliyonikabidhi ufunguo, "na hutapotea."

Gari lenyewe ni Toyota Corolla 110 ya mwishoni mwa miaka ya 90, mtumba kutoka Japani. Enzi hizo kule Japani FM ilianzia 76 ikaishia 90. Juu ya hapo, hadi 108, palikuwa pa televisheni, chaneli ya 1 hadi ya 3. Huku kwetu FM inaanzia 87.5 na kupanda hadi 108. Kwa hiyo gari la Japani likishuka bandarini Mombasa huwa nusu kiziwi, linasikia kipande kidogo tu cha nchi. Fundi ndiye hulizibua masikio, kwa kidude kiitwacho ekspanda, ambacho hukichomeka kati ya antena na redio. Kidude hicho huyateremsha masafa yetu hadi mahali ambapo redio ya Kijapani inaweza kuyasikia. Uongo wa kioo unatoka hapo.

Redio hiyo haina Bluetooth wala tundu la waya wa simu. Ina FM na mdomo wa kaseti, basi. Kwa hiyo Desemba, kabla ya safari ya kwenda nyumbani Rangwe, nilipita Luthuli Avenue nikanunua moduleta, ile unayochomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Simu inaipelekea muziki kwa Bluetooth, nayo inaurusha hewani kwa FM, kituo kidogo cha redio ambacho hata gari la nyuma halikipati. Nikaiweka 88.1, redio nayo 88.1. Ikawa ni shhhh tu. Nilifika Narok nikiamini nimeuziwa takataka, ndipo nikamkumbuka baba. Nikaiweka moduleta 106.3 na redio 86.3. Gitaa likaingia. Nilipiga honi peke yangu kwa furaha.

Siku mbili baadaye nilikuwa nikimpeleka nyanya yangu kliniki Homa Bay mjini. Tunamwita Dani. Ana miaka zaidi ya 80 na hukaa kiti cha mbele kama mwenye gari. Nilimuuliza anataka kusikia nini. Akataja wimbo mmoja wa benga wa miaka ya 70, wa bendi ambayo haikuwahi kuvuma mbali. Nikautafuta YouTube, nikaupata! Mtu fulani, mkusanyaji wa santuri, alikuwa ameupandisha, pamoja na mikwaruzo yake ya sindano. Dani akafumba macho. Baada ya dakika nne hivi gitaa likafifia, na kabla sijasema lolote simu ikaamua yenyewe kutupigia amapiano.

"Nyakwara," akasema, yaani mjukuu wangu, "na upande wa pili?"

Nilitafuta upande wa pili hadi data ikaisha. Haupo. Na Dani alikuwa akiusubiri huo, kwa sababu ndani yake mwimbaji anamsifu kaka yake, marehemu sasa, na kumwita ndugu yake nyar Kochia aliyeolewa Kagan. Nyar Kochia, binti wa Kochia, ndiye Dani mwenyewe. Yumo kwenye wimbo.

Hapo ndipo nilianza kufuatilia kwa nini wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili, na kwa nini jina la Dani likaangukia kile kipande kilichopotea.

Kabla ya mashine zote kulikuwa na nyatiti, kinubi cha Waluo chenye nyuzi nane. Mpigaji hukaa chini, njuga mguuni na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akigonga nayo mbao za chombo. Wimbo wake haukuwa na urefu maalumu. Msikilizaji aliweza kuusimamisha, akatoa pesa, akajisifu au akamsifu rafiki, ndugu, hata shemeji, kisha muziki ukaendelea. Desturi hiyo inaitwa pakruok. Wimbo uliisha watu walipochoka, au mifuko ilipokauka.

Halafu gitaa likashika kazi ya nyatiti, benga ikazaliwa, na santuri ikaileta kanuni ya saa. Santuri ya inchi 7, inayozunguka mara 45 kwa dakika, hubeba dakika chache tu kila upande. Bendi hazikukubali kufupisha maneno, ziliugawa wimbo: Part 1 upande huu, Part 2 upande ule. Mara nyingi upande wa kwanza ulikuwa na kisa, na wa pili ndiko magitaa yalikofunguliwa, yakikimbizana, majina ya watu yakitajwa juu yake. Ukiwa Mluo wa miaka ya 70, usingesema umeusikia wimbo kama hukugeuza santuri.

Na santuri hizo zilisafiri. Zile zilizotolewa na Phares Oluoch Kanindo, mfanyabiashara wa muziki ambaye baadaye aliingia bungeni, zilifika hadi Zimbabwe, na watu wa kule wakauita muziki huo wote kanindo. Fikiria jina la muuzaji likawa jina la muziki wenyewe.

Kaseti, ambayo Philips waliitoa mwaka 1963, ndiyo iliyouingiza muziki huu garini. Santuri haiwezi kuchezwa kwenye barabara ya mashimo, lakini kaseti inaweza. Matatu zilikuwa zimeruhusiwa rasmi mwaka 1973, na miaka iliyofuata zikawa redio za umma zenye magurudumu. Kaseti iliunganisha tena Part 1 na Part 2, hakuna kugeuza katikati. Pia ilinakiliwa kirahisi sana, na hapo wanamuziki wakalia. Mwenye duka na mashine mbili aliweza kutengeneza nakala kumi kabla ya chakula cha mchana bila mtunzi kuona hata ndururu.

Simu nayo imetupa mengi. Mdundo ilianzishwa Nairobi mwaka 2013, Spotify ikaingia Kenya 2021, na leo kijana wa Umoja anaweza kumsikiliza D. O. Misiani akiwa kwenye foleni ya mkate. Lakini lazima ujue utafute nini. Misiani huyohuyo, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania na kufariki Kisumu kwa ajali ya barabarani mwaka 2006, alitoa santuri kwa jina la Shirati Jazz, Shirati Luo Voice, na D.O. 7. Simu haijui kwamba hao ni mtu mmoja, wala kwamba Part 1 ina pacha. Kwake kila faili ni wimbo kamili, ukiisha inaleta mwingine. Kama mkusanyaji alipandisha upande mmoja tu, basi duniani kuna upande mmoja tu.

Jioni ile nilimweleza baba mdogo, anayeishi papo hapo bomani. Akaenda chumbani akarudi na boksi la viatu lililojaa kaseti. Moja ilikuwa na wimbo huo, umenakiliwa sokoni Rangwe zamani, mwandiko wa kalamu umefifia. Ilikuwa ni hiyo tu. Redio pekee ya kaseti iliyokuwa bado inafanya kazi ilikuwa ile ya garini, na kila mtu mwenye umri wa kutosha anajua redio za zamani hufanya nini: hula utepe. Zikila, zimekula.

Hatukuthubutu usiku. Asubuhi tulipangusa kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti. Tukajaribu kwanza kaseti nyingine ambayo hakuna angeililia. Ikacheza, ikatoka nzima. Baba mdogo akaikaza ya Dani kwa kalamu ya Bic, taratibu, kama anayefunga kidonda. Dani alikuwa ameshakaa kiti chake cha mbele tangu chai.

Sauti ilitoka nzito, ikiyumba, nusu ya kasi iliyostahili mwanzoni, kisha ikakaa sawa. Kisa kikapita. Magitaa yakafunguka. Mimi nilikuwa nimeshika simu mbele ya spika ya mlangoni, inarekodi, mkono unatetemeka. Siku mbili nzima nilihangaika kutoa muziki kwenye simu kuuingiza kwenye gari, na sasa nilikuwa nikifanya kinyume.

Jina likaja. Sekunde nne, labda tano. Dani hakulia. Alinyanyua kidole kimoja tu, kama mtu aliyeitwa darasani.

Utepe ulitoka mzima. Simu ikaihifadhi rekodi kwa namba, kama zinavyofanya simu zote, na Dani akaniuliza nimeandika nini. Nikamwonyesha. "Hiyo namba ni ya nani?" Basi akanisomea, nami nikaandika: jina la bendi, jina la wimbo, jina la aliyepiga gitaa la kwanza, jina la kaka yake. Sijaipandisha popote. Wimbo una watunzi, na watunzi wana watoto, na nimeanza kuwatafuta, kwa sababu sitaki kuwa duka jingine lenye mashine mbili.

Tulipokuwa tukirudi kliniki wiki iliyofuata kuchukua dawa, niliuweka kutoka kwenye simu. Moduleta 106.3, redio 86.3. Ulipoisha nikaiwahi simu kabla haijachagua yake, gari likawa kimya.

"Sasa," Dani akasema, "geuza."