Majeshi Matatu, Wizara Moja: Historia Fupi ya Wizara ya Ulinzi ya Kenya

Kila tarehe 14 Oktoba Wakenya huadhimisha Siku ya KDF, yaani Jeshi la Ulinzi la Kenya, kukumbuka kuanza kwa Operesheni Linda Nchi mwaka 2011, wanajeshi wetu walipovuka mpaka na kuingia Somalia. Hotuba hutolewa, mashada huwekwa, mashujaa hukumbukwa, na wanastahili. Ila nyuma ya askari aliye mstari wa mbele ipo taasisi isiyopigiwa gwaride: Wizara ya Ulinzi, inayosimamia Jeshi la Nchi Kavu, Jeshi la Angani na Jeshi la Wanamaji kwa pamoja. Historia yake yafaa kusimuliwa kutoka Konza, kwa kuwa Ukambani umelitolea jeshi la nchi hii vijana wake tangu enzi za mkoloni.

Konza ndipo reli ya Magadi inapoachana na reli kuu ya Mombasa na Nairobi. Njia hiyo ilikuwa ingali mpya Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka. Ilikusudiwa kubeba magadi, lakini Kajiado, iliyo kwenye njia hiyohiyo, ikageuzwa kituo cha majeshi ya Waingereza yaliyokuwa yakielekea Longido kupigana na Wajerumani. Askari Waafrika wa wakati huo walikuwa wa King's African Rifles, kikosi kilichoundwa mwaka 1902 na kujulikana na wananchi kama Keya. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Keya walipelekwa hadi Ethiopia, Madagascar na Burma. Wakamba walikuwa miongoni mwa walioandikishwa kwa wingi zaidi. Walikufa, wakajeruhiwa, wakarudi na nishani. Lakini amri ya kuwapeleka ilitoka London, na mzazi wa Machakos hakuwa na mjumbe wa kumuulizia mwanawe alipelekwa wapi na kwa nini.

Huko baharini mambo yalikuwa na mwenyewe mwingine. Royal East African Navy ilihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja hadi ilipovunjwa mwaka 1962. Angani palikuwa pa Jeshi la Anga la Uingereza, lenye kituo chake Eastleigh, Nairobi. Hivyo Kenya ilipokaribia uhuru ilikuwa na askari wa miguu wengi, haikuwa na wanamaji wake wala ndege za kivita zake, na haikuwa na ofisi moja ya Mkenya iliyojibu maswali ya ulinzi.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, batalioni ya tatu, ya tano na ya kumi na moja za Keya zikawa Kenya Rifles. Bendera ilibadilika, maafisa wengi wakabaki Waingereza, na mishahara ikabaki ileile. Hata miezi miwili haikuisha. Januari 1964 askari waliasi Tanganyika, kisha Uganda, na tarehe 24 mwezi huo wakaasi wale wa batalioni ya kumi na moja huko Lanet, Nakuru. Serikali changa ililazimika kuwaomba wanajeshi wa Uingereza waliokuwa bado nchini wazime maasi hayo. Batalioni ile ikavunjwa.

Lanet ilifundisha kwamba jeshi lisilo na usimamizi wa karibu ni hatari kwa nchi yenyewe. Ndiyo maana mwaka 1964 ulikuwa mwaka wa ujenzi. Tarehe 1 Juni Jeshi la Angani likazaliwa Eastleigh. Tarehe 16 Desemba Mzee Jomo Kenyatta akalizindua Jeshi la Wanamaji huko Mtongwe, Mombasa. Majeshi yote matatu yakawa chini ya wizara moja, ambayo Dkt. Njoroge Mungai aliishika hadi 1969, kisha ikaenda kwa James Gichuru.

Mwaka huohuo wa 1964, tarehe 1 Aprili, Uingereza yenyewe iliunganisha ofisi zake za kale za wanamaji, za nchi kavu na za anga kuwa Wizara moja ya Ulinzi. Marekani ilikuwa imeanza safari hiyo mwaka 1947. Mataifa hayo yalihitaji vita vikubwa na mabishano ya miaka mingi ili kuwashawishi wakuu wa majeshi ya bahari na ya nchi kavu wakae meza moja. Kenya iliunganisha majeshi yake yakiwa bado machanga, kabla hayajajijengea himaya zake, na faida hiyo haisemwi vya kutosha.

Sheria ya Majeshi ya mwaka 1968 iliyaweka majeshi hayo matatu chini ya sheria moja na kuunda Baraza la Ulinzi. Uongozi nao ukahamia mikononi mwa Wakenya. Joseph Ndolo, mwana wa Ukambani aliyepanda ngazi tangu siku za Keya, akawa Mwafrika wa kwanza kuongoza Jeshi la Nchi Kavu mwaka 1966, kisha akapewa usimamizi wa majeshi yote. Alijiuzulu mwaka 1971 jina lake lilipotajwa katika njama ya kupindua serikali. Kiti hicho kikakaa wazi miaka kadhaa, kabla ya kukaliwa na Jackson Mulinge wa Kathiani, Machakos, Mkenya wa kwanza kufikia cheo cha jenerali kamili.

Rais Daniel arap Moi alipoingia madarakani, ulinzi ulihamishiwa Ofisi ya Rais ukawa Idara ya Ulinzi, ile ambayo wengi waliizoea kwa herufi DoD. Umoja ulibaki, tena ukakaza. Kilichopungua ni macho ya kuutazama. Tarehe 1 Agosti 1982 baadhi ya wanajeshi wa Jeshi la Angani walijaribu kupindua serikali. Jeshi la Nchi Kavu likawazima, na Jeshi la Angani likavunjwa. Lilikuja kurudishiwa hadhi yake mwaka 1994. Februari 1984, katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, wananchi waliokusanywa na vyombo vya usalama waliuawa kwa wingi, na ilipita miongo kadhaa kabla Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano kuyaandika mateso yao katika ripoti rasmi ya mwaka 2013. Historia ya kumbukumbu isiyoitaja Wagalla haiwatendei haki waliokufa, wala haimsaidii askari mwema wa leo.

Mageuzi yalianza ndani ya jeshi lenyewe. Jenerali Daudi Tonje, Mkuu wa Majeshi kuanzia 1996 hadi 2000, aliweka utaratibu wa kupokezana uongozi na kustaafu kwa wakati. Aliyemfuata, Jenerali Joseph Kibwana, alikuwa mwanamaji wa kwanza kuongoza majeshi yote. Kisha ikaja Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010. Kifungu cha 239 kinasema vyombo vya usalama wa taifa viko chini ya mamlaka ya kiraia. Kifungu cha 241 kinaunda Jeshi la Ulinzi la Kenya lenye matawi matatu, na Baraza la Ulinzi linaloongozwa na Waziri, ambamo wamo Katibu wa Wizara, Mkuu wa Majeshi na makamanda watatu. Kifungu hicho pia kinataka uongozi wa jeshi uakisi sura ya makabila na maeneo yote ya nchi. Sisi ambao babu zetu walipewa sifa ya kuzaliwa askari tunalipokea sharti hilo kwa moyo mkunjufu, maana ulinzi si urithi wa kabila lolote.

Sheria ya KDF ya mwaka 2012 ikafuta ile ya 1968, na Septemba mwaka huo umoja ukajaribiwa vitani: mji wa Kismayu ulishambuliwa kwa operesheni iliyotumia wanamaji, ndege na askari wa nchi kavu. Mwaka 2013 Balozi Raychelle Omamo akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza wizara. Tangu 2011 Wakuu wa Majeshi wametoka matawi yote: Karangi wa angani, Mwathethe mwanamaji, Kibochi wa nchi kavu, kisha Ogolla wa angani, aliyefariki katika ajali ya helikopta Aprili 2024, na baada yake Kahariri, mwanamaji.

Juni 2024, wanajeshi walipoitwa kuwasaidia polisi wakati wa maandamano ya vijana, uamuzi ulilazimika kuchapishwa katika gazeti rasmi, ukapelekwa Bunge la Taifa kuidhinishwa, na Mahakama Kuu ikaitaka serikali iseme mipaka ya kazi hiyo. Mtu anaweza kuupinga uamuzi wenyewe. Lakini ulipita mlango ambao mwaka 1984 haukuwepo.

Kuyaweka majeshi matatu chini ya wizara moja kulichukua Kenya mwaka mmoja. Kuiweka wizara hiyo chini ya wananchi kumechukua nusu karne, na kazi haijakwisha. Kwa hiyo, pamoja na mashada ya Oktoba, wabunge wetu wasome bajeti ya ulinzi mstari kwa mstari, waulize askari wako wapi na wanarudi lini, na wasiidhinishe jambo ambalo hawajaelezwa. Nasi tuliowachagua tuwaulize kama walifanya hivyo. Familia ambayo mwanawe yuko mpakani inastahili majibu kabla ya kuombwa tena kijana mwingine.