Kutoka Redio ya Betri hadi Podikasti: Mazungumzo ya Wanawake wa Ziwani



Siku hizi ukikaa na mabinti wa Mwanza hukosi kumsikia mmoja akisema anataka kuanzisha podikasti yake: ya ndoa, ya malezi, ya mapishi, hata ya biashara ya dagaa. Wakubwa wengine wanaona ni mambo ya kizungu yaliyoletwa na simu. Mimi naona podikasti ina mama yake, na mama yake ni redio. Tukimjua mama, tutajua binti alelewe vipi.

Redio ya sebuleni

Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, na mwaka huo huo Unguja nayo ikapata Sauti ya Unguja. Tarehe 1 Julai 1965 Serikali ikaifanya redio ya bara kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na kwa karibu miaka thelathini hapakuwa na redio nyingine iliyoanzishwa bara. Redio ilikuwa kitu cha heshima nyumbani. Inawekwa sebuleni, inafunikwa kitambaa cha kufuma, na betri zikilegea zinaanikwa juani ili zipate nguvu ya taarifa ya habari ya jioni.

Kwa nini wanawake tuliipenda? Kwa sababu mikono yetu ina kazi lakini masikio yana nafasi. Mama anayeanika dagaa hawezi kushika gazeti, wala anayechambua mchele. Redio haikumtaka aache kazi, wala haikumtaka atoke nyumbani.

Tena haikuwa ya kusikiliza tu. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio pamoja, kisha wakakaa kujadili na kukubaliana watafanya nini: kuchimba choo, kufyeka nyasi, kuchemsha maji. Watu wapatao milioni 2 nchi nzima walishiriki. Somo la kwanza hilo: kipindi kizuri hakiishi mtangazaji anaponyamaza. Kinaendelea midomoni mwa waliosikiliza.

Halafu kulikuwa na salamu na matangazo ya vifo. Jina lako likitajwa redioni kwenye salamu, mtaa mzima unakuja kukwambia. Na matangazo ya vifo yaliponza, watoto walinyamazishwa, maana ndugu walikuwa mbali na simu zilikuwa chache. Watu walijua kwamba jina likitamkwa redioni, ni jambo zito.

Tunu na Mkwaju

Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati. Wanaoukumbuka watamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu. Tunu alivumilia, kisha akachoka, akaondoka na kuanzisha biashara yake ndogo. Mkwaju akafa kwa Ukimwi.

Ulikuwa mchezo tu, lakini watafiti waliufuatilia kwa miaka. Dodoma haikurushiwa mchezo huo hadi mwaka 1995, hivyo waliweza kuilinganisha na sehemu nyingine za nchi. Waliona kwamba mchezo uliwafanya mume na mke wazungumze wenyewe kwa wenyewe kuhusu uzazi wa mpango na kujikinga na maradhi. Fikiria, bi harusi mtarajiwa: jambo ambalo mke aliona haya kulianzisha, Tunu alimwanzishia. Angeweza kusema, "Umesikia alivyofanya Mkwaju?" na mazungumzo yakaanza bila yeye kumnyooshea mumewe kidole.

Hapo ndipo palipo nguvu ya mazungumzo ya hewani. Yanakupa mtu wa kumsema ambaye si jirani yako.

Mwanza yapata sauti yake

Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa redio binafsi. Miaka hiyo ya 1990 Radio Free Africa ikaanza kurusha matangazo kutoka Mwanza, na watu wa Kanda ya Ziwa wakasikia habari zao zikisomwa na waliokaa huku huku ziwani. Nyegezi nako kulikuwa na chuo kilichoanzishwa mwaka 1960 na Kanisa Katoliki, kilichofundisha waandishi wa habari. Mwaka 1998 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitokea Bukoba. Watu zaidi ya 800 walifariki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Msiba kama ule unakufundisha thamani ya msemaji mkweli. Mtu anayemsubiri dada yake hataki porojo. Anataka kujua lililothibitika.

Na wanawake hawakubaki wasikilizaji. Edda Sanga wa Radio Tanzania alijulikana kwa sauti yake nchi nzima. Mwaka 1987 wanahabari wanawake waliunda chama chao, TAMWA, na jarida lao wakaliita Sauti ya Siti, kwa heshima ya Siti binti Saad wa Unguja. Siku zetu hizi Salama Jabir, aliyejulikana kwanza kwenye redio na televisheni, ana kipindi chake mtandaoni, Salama Na. Njia hiyo imeshapitwa.

Ukitaka kuanza yako

Podikasti haihitaji mnara wala masafa. Ni kipindi cha sauti kinachowekwa mtandaoni, msikilizaji akakipakua na kukisikiliza muda wake. Nusu saa ya mazungumzo, ikihifadhiwa kwa ubora wa kawaida wa sauti, ni kama MB 14 tu. Haimalizi bando la mtu kama video. Chumba chenye kitanda, mapazia na nguo nyingi kinapunguza mwangwi. Na kwa dada asiyependa sura yake ionekane, sauti peke yake inatosha, kama ilivyotosha redioni.

Lakini kuna kitu redio ilikuwa nacho ambacho wewe huna: mhariri. Hakuna wa kukwambia, "Hili toa." Shoga yako atakuhadithia ya mumewe na mama mkwe wake huku simu inarekodi, mtacheka, utaipandisha mtandaoni. Kesho mtaa wa Kirumba wote unajua ni nani, hata kama hukutaja jina. Ndoa ya mtu imeingia hewani, na ikishapakuliwa huwezi kuirudisha.

Suratul Hujurat inatuwekea mipaka miwili: aya ya 6 inatutaka tuthibitishe habari kabla ya kuifuata, na aya ya 12 inatukataza kusengenyana. Sheria ya nchi nayo ipo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Tena tangu mwaka 2018 kuna kanuni za maudhui ya mtandaoni zenye masharti ya leseni. Zimebadilishwa mwaka 2020 na 2022, kwa hiyo waulize TCRA kabla hujaanza.

Basi fanya kama walivyofanya wa Twende na Wakati: mtungie Tunu wako. Chukua tatizo, liachie jina na mtaa. Mgeni akikubali kusema yake, msikilizishe kwanza alichorekodi, na akisema kipande fulani kikatwe, kikate bila kununa. Chagua siku moja ya wiki usiikose, maana msikilizaji wa redio alizoea kipindi kwa saa yake. Na mwisho wa kila kipindi acha swali moja la kwenda kuulizana nyumbani, kwa mume, kwa mama au kwa wifi.

Allah atujaalie ndimi zenye kheri. Amin.