Kipimo Kabla ya Onyo: Historia ya Mgao wa Mawasiliano Mbeya na Iringa

Ujumbe unaomwonya mteja kwamba ametumia intaneti kupita kiasi, na kwamba kasi yake itapunguzwa, ni jambo la juzi katika Nyanda za Juu Kusini. Lakini mwenye njia ya mawasiliano kumwekea mtumiaji ukomo ni desturi iliyoanza zamani, kabla ya simu ya mkononi kufika. Mbeya na Iringa zimeishi kwa mgao wa mawasiliano muda wote zilipokuwa na mawasiliano ya kisasa. Kilichogeuka ni mahali pa kipimo. Zamani mtu alikiona dirishani kabla hajatoa fedha. Leo, hasa kwa vifurushi vya nyumbani vinavyouzwa kwa jina la "bila kikomo", mara nyingi anakijua baada ya kukivuka. Ninashikilia kwamba onyo lisilotanguliwa na kipimo halina uzito wa haki, na kwamba historia ya mikoa hii miwili inatosha kulithibitisha hilo.

Tuanze na posta. Wakati wa Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, ambalo lilivunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na baadaye chini ya Shirika la Posta na Simu Tanzania, aliyetaka kupeleka habari ya haraka kutoka Iringa kwenda Dar es Salaam alituma telegramu na kulipia kila neno. Ndiyo maana habari ya msiba au ugonjwa ilibanwa ikabaki maneno matatu au manne: mama mgonjwa njoo. Simu ya mbali ilipitia kwa opereta na kuhesabiwa kwa dakika, na foleni ya kuunganishwa ingeweza kumaliza asubuhi nzima. Huduma hiyo ilikuwa ghali na haba, na sina nia ya kuipamba. Hata hivyo karani hakuweza kumwambia mtu jioni kwamba maneno aliyotuma asubuhi yalikuwa mengi mno. Maneno yalihesabiwa mbele yake, bei ikatajwa, akaamua mwenyewe kufuta moja au kuliacha.

Shirika la Posta na Simu Tanzania lilipogawanywa na kampuni ya simu ya TTCL kuanza kazi mwaka 1994, intaneti ilikuwa ndiyo kwanza inabisha hodi nchini. Kwa miji ya bara kama Mbeya, ilifika kwa njia mbili nyembamba: waya wa simu wenye modemu iliyolia na kukatika, au dishi la setilaiti. Setilaiti ndiyo iliyobeba vyuo, hospitali na mashirika, na gharama yake ilikuwa maelfu ya dola kwa mwezi kwa njia ambayo leo simu moja ya mwanafunzi inaweza kuijaza peke yake. Katika hali hiyo msimamizi wa mtandao wa chuo alikuwa na sababu ya kweli ya kufunga video mchana na kuwataka watu wapakue mafaili makubwa usiku. Kwenye kafe za intaneti za miaka ya 2000 mgao ulikuwa wa saa: mteja alilipia nusu saa, dakika zikasoma kwenye kioo, zikiisha kompyuta inajifunga. Uhaba ulikuwa mkubwa kuliko wa leo, lakini ugomvi juu ya nani amezidisha ulikuwa mdogo, kwa sababu kila mtu aliziona dakika zake zikipungua.

Halafu ukaja mkongo. Nyanda za Juu Kusini zina bahati ya kijiografia inayosahaulika: kila njia kubwa ya kwenda Zambia imepita humo. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipita mwaka 1968. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, ikafika Mbeya kupitia Makambako, na mji wa Iringa ukabaki pembeni. Nyaya za mawasiliano hazikuuacha. Kebo ya SEACOM ilipotia nanga Dar es Salaam Julai 2009, na EASSy mwaka uliofuata, Serikali ilikuwa tayari inajenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kwa mkopo wa China, na tawi lake la kusini likapita Iringa na Mbeya kwenda Tunduma na Kasumulu, kwenye mipaka ya Zambia na Malawi. Kwa mara ya kwanza mikoa hii ikakaa juu ya mshipa mkuu. Na hapa ndipo uhaba ulipobadilika asili yake. Setilaiti ina masafa yenye mwisho. Nyuzi za kioo zikishafukiwa ardhini, uwezo wake hutegemea zaidi vifaa vinavyofungwa kwenye ncha zake. Serikali yenyewe imetangaza kuupandisha uwezo wa Mkongo kutoka Gbps 200 hadi 800 kwa kubadilisha na kuongeza vifaa hivyo. Ukomo uliobaki, kwa sehemu kubwa, ni uamuzi wa uwekezaji: kampuni imenunua uwezo kiasi gani, na imeugawa kwa wateja wangapi.

Upande wa simu za mkononi, kipimo kilirudi kuwa wazi kwa jina la bando. MB na GB zimekuwa hesabu ya kila siku sokoni Mwanjelwa kama ilivyo kilo ya mchele. Watu wanazilalamikia, na wana haki, lakini tazama lalamiko lenyewe lilivyokuwa Aprili 2021, bei mpya za vifurushi zilipoanza kutumika: wananchi waliweza kusema bila kigugumizi kwamba kwa fedha ileile wamepata GB chache. Kelele zilikuwa kubwa, na Serikali ikaagiza bei za awali zirejeshwe. Kanuni ndogo za vifurushi za mwaka huohuo zilizitaka kampuni kumjulisha mteja matumizi yanapofika asilimia 75 na yanapofika asilimia 100. Hilo ni onyo linaloeleweka. Asilimia 75 ni ya kitu kinachojulikana; mwenye simu anaweza kupunguza, kuongeza, au kubishana.

Sasa chukua kifurushi cha nyumbani kinachouzwa kwa kasi ya Mbps 10, mwezi mzima, bila kikomo. Njia ya Mbps 10 ikitumika usiku na mchana kwa siku 30 inapitisha takriban GB 3,240. Mteja akionywa kwa kutumia GB 1,000, ameonywa akiwa hajafikisha hata theluthi ya alichouziwa. Wala si lazima awe ameshinda akitazama filamu. Kamera moja ya ulinzi inayopeleka picha kwenye hifadhi ya mtandaoni kwa kasi ya Mbps 2 bila kupumzika inakula GB 21.6 kwa siku, karibu GB 650 kwa mwezi. Mwenye duka wa Miyomboni aliyefunga kamera mbili za namna hiyo kwa kuogopa wezi anavuka GB 1,000 akiwa amelala. Akijua, anaweza kuziweka zirekodi kwenye kifaa cha dukani na kutuma picha pale tu kitu kinapotikisika, na sehemu kubwa ya matumizi hayo itaondoka. Asipoambiwa kipimo, atabaki kuwashuku watoto wake au jirani anayeijua nywila.

Mkoa wa Mbeya una kumbukumbu nyingine ya kushtakiwa kwa matumizi ya kupita kiasi, na inafaa kuwekwa kando ya hii. Mto Ruaha Mkuu ulikauka kwa mara ya kwanza ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha wakati wa kiangazi cha 1993, na katika miaka hiyohiyo nchi ilipata mgao wa umeme kwa kuwa bwawa la Mtera, linalolisha Kidatu, lilipungua maji. Kidole kilielekezwa bonde la Usangu: wakulima wa mpunga wanafungulia mifereji mno, wafugaji wanaharibu ardhioevu ya Ihefu. Mwaka 2006 wafugaji walianza kuondolewa. Watafiti waliofanya hesabu za maji, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walionyesha kwamba picha haikuwa nyepesi hivyo: namna mabwawa yenyewe yalivyoendeshwa ilikuwa na sehemu kubwa katika upungufu wa Mtera. Walionyesha pia kwamba hati za maji zilizoandikwa kwa lita kwa sekunde hazikuwa na maana kubwa kwenye mfereji usio na kifaa cha kupimia. Sisemi kwamba wakulima hawakuchota. Walichota, na mto wa kiangazi ulidhurika. Ninasema kwamba lawama ilitangulia kipimo, na kipimo kilipokuja mgawanyo wa lawama ulibadilika.

Tukirudi kwenye intaneti, mtu wa kampuni atajibu kwamba intaneti ya nyumbani duniani kote huuzwa kwa kugawana: wateja wengi kwenye njia moja, kwa kutegemea kwamba si wote watafungulia kwa pamoja, na kama kila mteja angetengewa njia yake peke yake bei isingelipika Kihesa wala Uyole. Hoja hii ni ya kweli na ninaikubali. Ni kweli pia kwamba nyumba chache zinazopakua bila kukoma zinaweza kuwaharibia majirani saa mbili usiku, wakati kila mtu yuko mtandaoni. Lakini hoja hiyohiyo inaonyesha kwamba madhara yako kwenye saa za msongamano. Anayepakua GB 300 kwa mwezi kati ya saa saba usiku na saa kumi na moja alfajiri hamzuii mtu. Jumla ya mwezi, ambayo ndiyo hutajwa kwenye maonyo mengi, haipimi madhara hayo. Kampuni inayotaka kulinda majirani ina njia za haki zaidi: kugawa kasi sawasawa saa za msongamano, na kuandika kwenye mkataba GB ambazo baada yake kasi itashuka, na itashuka hadi ngapi.

Wapo pia watakaosema kwamba kipimo kikitangazwa watu watakitumia chote kwa makusudi. Uzoefu wa bando unakanusha hofu hiyo: mamilioni ya Watanzania wanajua GB zao, na wengi huzibana. Wapo tena wanaosema tatizo liko baharini. Ni kweli kwamba Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja nchi nzima iliyumba, lakini hitilafu ya namna hiyo haiwezi kuwa kosa la mteja wa Mbeya. Na si trafiki yote inayohitaji kufika baharini. Mbeya ina kituo cha kubadilishana trafiki ya intaneti, ambacho faida yake ni kwamba ujumbe kati ya watumiaji wawili wa mji uleule, wenye kampuni tofauti, hauna haja ya kusafiri zaidi ya kilomita 800 hadi Dar es Salaam na kurudi. Kampuni isiyokitumia ipasavyo inajaza njia yake yenyewe, kisha inamwonya mteja.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukipokea onyo hilo usilipuuze na usiombe radhi kabla ya kujua. Ingia kwenye ruta yako uone ni kifaa gani kinachotumia zaidi, badilisha nywila, kagua kamera na masasisho yanayojipakua. Kisha iandikie kampuni yako kwa maandishi, uulize mambo matatu: nimetumia GB ngapi na siku zipi, ukomo ni ngapi, na ukomo huo umeandikwa kifungu gani cha mkataba niliousaini. Usiporidhika na jibu, peleka lalamiko kwa mamlaka ya udhibiti wa mawasiliano, TCRA, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya, pamoja na nakala ya onyo na ya barua yako.