Kalamu ya Nani?

Mwaka 1954 ilitoka nchini Ufaransa riwaya ya Histoire d'O, kisa cha mwanamke anayeutoa mwili wake kwa matakwa ya wanaume. Jaladani palikuwa na jina la Pauline Réage. Basi ubishi ukaanza. Wengi walishikilia kwamba mwanamke hawezi kuandika mambo yale; eti ni mwanaume kajificha nyuma ya jina la kike. Wengine walimnyooshea kidole Jean Paulhan, mhakiki aliyeandika utangulizi.

Ikapita miaka 40. Mwaka 1994 Anne Desclos, mhariri aliyekwisha kufikia umri wa miaka 86, akakiri hadharani kuwa ni yeye. Kumbe alikuwa amemwandikia Paulhan huyo huyo, mpenzi wake!

Maneno yalikuwa yale yale. Kilichobishaniwa ni mkono ulioyaandika. Hata leo, kijana wa kiume akiandika mambo ya chumbani, aghalabu husifiwa ubunifu. Mimi binti nikiandika, naulizwa, "Umeyajua wapi?" Desclos alijificha, na wasomaji wakampa mwanaume kitabu chake. Dada mwandishi, usiufute ukurasa huo. Waache wausome kwanza, jina waulize baadaye.