Herufi Saba Ubaoni: Solfa na Mkazo wa Maneno Katika Ufundishaji wa Uimbaji

Miongoni mwa vifaa vilivyotumika kufundishia muziki katika shule za Afrika, hapana kilichoenea kwa gharama ndogo kama solfa. Piano ilihitaji fedha nyingi, na fundi wa kuirekebisha. Nota za mistari mitano zilihitaji mpiga chapa mwenye alama zisizo za kawaida. Solfa ilitaka ubao, chaki na fimbo ya kuelekezea. Herufi zake saba, yaani d, r, m, f, s, l na t, pamoja na nukta, nukta mbili na kistari, zilikuwamo tayari katika kiwanda chochote cha chapa, hata kile kidogo cha misheni kilichozoea kuchapa vitabu vya kusomea tu. Mtoto aliyekwisha kujua kusoma alikuwa amekwisha kuvuka nusu ya njia.

Asili ya mfumo huu haikuwa katika vyuo vikuu vya muziki. Sarah Glover, mwalimu wa mji wa Norwich huko Uingereza, aliubuni kwa ajili ya watoto, akachapisha maelezo yake mwaka 1835. Mwaka 1841 kijana mmoja mhubiri, John Curwen, ambaye hakuwa na mafunzo ya muziki, alipewa na walimu wa shule za Jumapili kazi ya kutafuta njia rahisi ya kufundisha uimbaji. Aliuchukua mfumo wa Glover, akaurekebisha, na baadaye akauongezea ishara za mikono na majina ya mapigo yaliyotoka Ufaransa. Chati yake, iliyopanga sauti wima kama ngazi, ilitundikwa ukutani, na darasa zima likaimba kwa kufuata ncha ya fimbo. Kwa kuwa *doh* haikufungwa kwenye sauti moja maalumu bali ilihama kufuata ufunguo wa wimbo, mwanafunzi alijifunza uhusiano wa sauti kwa sauti, si jina la kila sauti peke yake.

Jambo moja halijatiliwa maanani vya kutosha na wanaisimu. Silabi za Curwen zote ni wazi: konsonanti, kisha vokali. Ile *sol* ya Kilatini, iliyoishia kwa konsonanti, kwake ikawa *soh*. Yeye hakuwa na habari za lugha za Kibantu, lakini umbo alilolichagua ndilo umbo la silabi za lugha hizo, na ulimi wa mtoto wa Kiafrika haukupata taabu nalo. Taabu ilikuwapo mahali pengine. Msemaji wa Kikuyu, ambaye lugha yake haina *l*, huelekea kuitamka *lah* kama *ra*. Na *ra* katika solfa ni jina la sauti nyingine kabisa, yaani ile ya pili iliyoshushwa nusu hatua.

Kusini mwa bara solfa ilitia mizizi mapema. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule karibu na Johannesburg, alitunga mwaka 1897 wimbo wa «Nkosi Sikelel' iAfrika» kwa maandishi hayo hayo, na lahani yake ndiyo iliyokuwa wimbo wa taifa wa Tanganyika mwaka 1961. Huku Afrika Mashariki solfa ilifuata njia ya kanisa na shule, na hapo ndipo ilipokutana na Kiswahili.

Tenzi nyingi za Kiingereza zina mishororo ya silabi nane au sita, na pigo zito huangukia silabi ya mwisho. Mfasiri aliyezoea shairi la Kiswahili, lenye vipande vya mizani nane nane, alidhani kazi yake imekwisha pindi hesabu ya silabi ilipotimia. Udhani huo ulikuwa na msingi, kwani mshairi wa Kiswahili hupima mizani na vina, wala hapimi mkazo. Naye mghani huikunjua na kuikunja sauti yake maneno yakae vizuri. Wimbo wa mapigo yaliyopangwa hauna huruma hiyo. Mkazo wa neno la Kiswahili huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi neno *moyo* likiwekwa mwishoni mwa mshororo wa namna ile, pigo zito hulivamia *yo*, na msikilizaji akasikia neno geni. Vizazi kadha wa kadha vimeimba hivyo hata makosa yakawa desturi.

Solfa ndiyo iliyoweza kuyafichua makosa haya kwa macho. Katika maandishi yake mstari wa wima hutangulia pigo zito, na silabi za maneno huandikwa chini ya herufi za sauti, pia kwa herufi. Mwalimu aliona mara moja ni silabi ipi iliyokaa baada ya mstari bila haki. Si kila mwalimu aliyetazama, bila shaka. Wala solfa haikuwa bila upungufu: ngoma tatu za isukuti, kila moja na mwendo wake, haziandikiki ndani yake ila kwa kupoteza kile kinachozifanya ziwe isukuti.

Mwaka 1963 tume ya watu watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, iliandaa wimbo wa taifa wa Kenya kutokana na bembelezi ya Wapokomo. Kazi ilikuwa ile ile ya kuyapima maneno ya Kiswahili juu ya lahani iliyokwisha kuwapo, ila safari hii lahani haikutoka ng'ambo.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, nota za mistari mitano na filimbi ya rekoda vilipata heshima kubwa zaidi darasani. Hilo si baya. Lililo baya ni dharau iliyofuata. Mwanakwaya awezaye kuimba sauti ya tatu ya wimbo asioujua kwa kuutazama tu, huambiwa kwamba hajui kusoma muziki, kwa kuwa alichokisoma ni herufi. Daftari za walimu wa kwaya, zenye safu ya sauti juu na safu ya silabi chini, silabi zikiwa zimefutwa na kusogezwa mpaka mkazo ukapata mahali pake, aghalabu hazikusanywi na maktaba yoyote. Mwenyewe akistaafu, huondoka nazo.