Kulijua Zimwi: Maarifa ya Shujaa Mtoto katika Hadithi za Kifantasia

Hadithi za kifantasia zinazowahusu mashujaa wadogo wanaopambana na mazimwi zina msuko unaofahamika. Balaa huiingia nchi. Watu wazima hushindwa kuikabili au huipuuza. Mtoto asiyetegemewa na yeyote hufunga safari, hupata wasaidizi, kisha humkabili adui. Kwa kuwa kilele chake ni mapambano, fasihi hii hudhaniwa kuwa inasifu ubabe. Kazi zake bora zinaonyesha vingine: mtoto hushinda kwa sababu amejitaabisha kulijua zimwi lake.

Mfano mkongwe katika Kiswahili ni ngano ya Sultani Majinuni, iliyomo katika mkusanyo wa hadithi za Zanzibar uliochapishwa na Edward Steere mwaka 1870. Paka wa sultani anakula ndama. Sultani anakataa asiuawe, kwa hoja kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Paka anahamia kwa mifugo mingine, kisha kwa watu, hatimaye anaingia mwituni na kuwa nunda mla watu, asiwasaze hata wana wa sultani. Anayetoka kumsaka ni kitinda mimba, kijana wa kukaa jikoni aliyedharauliwa na baba yake. Anaua wanyama wengi, wakiwemo mbwa, twiga, kifaru na tembo. Kila mara anampelekea mama yake mzoga akidhani ndiye nunda, na kila mara mama anamjibu kuwa siye. Alama za nunda alizifahamu kwa mama huyo: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, mabaka mawili kama ya ngawa, mkia mnene. Anapomkuta mnyama amelala mlimani, kijana anazilinganisha alama hizo moja baada ya nyingine, na anapozikuta zote zimetimia ndipo bunduki zinapolia.

Mambo mawili yanajitokeza hapa. Kwanza, urudiaji wa mawindo si pambo la usimulizi tu, kwani kila kosa linamsogeza kijana karibu na utambuzi. Pili, nunda hakutoka mbali. Alilelewa katika nyumba ya mtawala, akanenepa kwa uzembe wa mkubwa, na mtoto ndiye aliyelipa gharama yake.

Mambo hayo hayo yanaweza kutumika kuzipima kazi za sasa. Mfululizo wa Beast Quest, ulioanza kuchapishwa Uingereza mwaka 2007, umetiwa jina la Adam Blade, ambalo ni jina la pamoja la waandishi kadhaa. Katika vitabu sita vya mwanzo, Tom na rafiki yake Elenna wanagundua kwamba madude yanayoitesa nchi ya Avantia ndiyo yaliyokuwa walinzi wake, ila yamerogwa na mchawi Malvel. Joka Ferno amevishwa kola ya uchawi yenye kufuli shingoni. Kazi ya Tom ni kuifungua kola hiyo, na kumwua joka kungekuwa hasara kwa nchi nzima. Huko ndiko kulijua zimwi. Udhaifu wa mfululizo huu ni kwamba msuko ule ule unarudiwa kitabu baada ya kitabu, hata mapigano yakazidi utambuzi.

Nnedi Okorafor amelichimba suala hili zaidi katika Akata Witch (2011). Sunny, msichana mwenye umri wa miaka 12 na mwenye ualbino, alizaliwa New York na anaishi Nigeria. Pamoja na Orlu, Chichi na Sasha anajiandaa kumkabili Black Hat Otokoto, mwovu anayewateka watoto. Katika jamii ya siri anayojiunga nayo, fedha huanguka kutoka hewani pale mtu anapojifunza jambo jipya. Hivyo maarifa ndiyo mali yenyewe, na maandalizi ya vita ni masomo.

Wapo wanaohofu kwamba hadithi hizi huwatisha watoto. Bruno Bettelheim, katika kitabu chake cha mwaka 1976, alitetea ngano kwa hoja kwamba mtoto tayari ana hofu ndani yake, na hadithi humpa umbo la kuitazama hofu hiyo na kuishinda. Utetezi huo una nguvu, lakini hauhalalishi kila kitabu. Zimwi lisilo na asili wala alama halimfundishi msomaji kitu zaidi ya kupiga.

Kwa mwandishi wa Kiswahili, malighafi ipo tele katika ngano. Inayohitajika ni riwaya ndefu za watoto zinazoihifadhi hekima ya mama yule: kwamba si kila mnyama mkubwa ni nunda. Waandishi na wachapishaji waifanye kazi hiyo, na walimu wavipime vitabu vya mapambano kwa swali moja: shujaa amejifunza nini kabla ya kuinua silaha?